Askari na Wataalamu katika Nchi za Barafu, na Somo la Nachingwea

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo ambalo hapo kwanza litaonekana kuwa mbali sana nasi, nalo ni jinsi majeshi yanavyowasaidia wataalamu wa sayansi katika nchi za Aktiki, yaani nchi zilizo kandokando ya Ncha ya Kaskazini ya dunia. Huenda mmoja wenu atauliza, "Barafu ya huko yatuhusu nini sisi tulimao ufuta, korosho na mbaazi?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla hatujamaliza. Tena tutaonyesha ya kuwa nguvu za kijeshi na elimu ya sayansi zilipata kukutana hata hapa petu, ila hapa nguvu zilitangulia na elimu ikafuata nyuma, na hasara yake ikawa kubwa.

Nchi yenyewe ilivyo

Mji wa Nachingwea uko kusini ya Ikweta kwa nyuzi zipatazo 10. Mtu akitoka hapo akaelekea kaskazini moja kwa moja mpaka Ncha, atakwenda mwendo wa kilomita zipatazo 11,000. Akifika hatakuta nchi kavu, bali bahari ambayo maji yake ya juu yameganda yakawa barafu. Kandokando ya bahari hiyo ziko Urusi, Norwe, Kanada, Alaska ambayo ni sehemu ya Marekani, na kisiwa kikubwa kiitwacho Greenland, kilicho katika ufalme wa Denmaki. Greenland imefunikwa na barafu karibu sehemu nne katika tano, na mahali pengine unene wake wapita mita 3,000. Ukikumbuka kwamba kimo cha Kilimanjaro ni mita 5,895, utaona ya kuwa barafu hiyo yapita nusu ya mlima wetu mkubwa. Nayo si kilele kimoja, bali ni kama blanketi lililotandikwa juu ya nchi nzima.

Penye Ncha yenyewe jua halizami kwa muda wa miezi ipatayo sita, na muda wa miezi mingine ipatayo sita halichomozi. Hakuna barabara, wala mashamba, wala kuni. Walakini tusidhani kwamba nchi za Aktiki hazina wenyewe. Wako watu wa kabila la Inuit, Wasami na wengineo, ambao wameishi huko tangu zamani, nao wanajua barafu kama vile mkulima wa Ruangwa ajuavyo udongo wa shamba lake.

Kwa nini wataalamu wahitaji askari?

Mtaalamu atakaye kuchunguza nchi ya namna hiyo ana akili na vyombo vyake, lakini akili haimvushi mtu barafuni, wala vyombo havimpi chakula. Ahitaji mambo manne: kufikishwa, kutunzwa akiisha kufika, kuokolewa akipatikana na hatari, na kupata habari za mahali asipoweza kwenda mwenyewe. Mambo hayo manne majeshi huyaweza, kwa kuwa yamezoea kupeleka watu na vitu vingi mahali pagumu, na gharama zake hulipwa na serikali.

Tuanze na kufikishwa. Jeshi la anga la akiba la jimbo la New York, huko Marekani, lina ndege kubwa za aina ya LC-130, ambazo chini yake zimefungwa vyuma virefu vya kutelezea pamoja na magurudumu. Ndege hizo hutua juu ya theluji pasipo kiwanja cha kawaida, zikachukua wataalamu, mafuta, mahema na mitambo mpaka katikati ya Greenland. Baharini nako ziko meli za kuvunja barafu. Mwaka 2015 meli iitwayo Healy, ya kikosi cha walinzi wa pwani wa Marekani, ilifika Ncha ya Kaskazini pasipo kusindikizwa na meli nyingine, nayo ilikuwa imechukua wataalamu waliokuja kuyapima maji ya bahari hiyo.

Pili, kutunzwa. Katika Kanada kuna kituo kiitwacho Alert, umbali wa kilomita zipatazo 800 kutoka Ncha. Kilianza mwaka 1950 kuwa mahali pa kupima hali ya hewa, na askari wakaweka kambi yao hapo mwaka 1958. Wataalamu wapimao hewa hapo huishi kwa umeme, chakula na ndege za jeshi. Kazi yao ni kuipima hewa na kuona imechanganyika na moshi na gesi kiasi gani, mahali palipo mbali na viwanda vyote.

Tatu, kuokolewa. Ndege ikianguka au mtu akipotea juu ya barafu, mara nyingi wenye ndege, meli na watu waliofunzwa kumtafuta ni askari. Mtaalamu ajua kwamba nyuma yake yuko wa kumfuata, na kwa hiyo athubutu kwenda.

Nne, kupata habari za mahali pasipofikika, na hapa ndipo penye ajabu. Mwaka 1958, tarehe 3 Agosti, nyambizi ya Marekani iitwayo Nautilus, yaani manowari iendayo chini ya maji, ilipita chini ya barafu mpaka Ncha yenyewe. Nyambizi zilizofuata zilikuwa na vyombo vya kupimia unene wa barafu iliyo juu yake, kwani nahodha hana budi kujua mahali pembamba anapoweza kuibuka. Vipimo hivyo vilipimwa kwa ajili ya vita, vikafichwa. Lakini katika miaka ya 1990 jeshi la majini lilikubali kuwachukua wataalamu ndani ya nyambizi zake, na vipimo vya zamani vikaanza kufunguliwa. Wataalamu walipolinganisha vya miaka 1958 hadi 1976 na vile vya miaka 1993 hadi 1997, waliona ya kuwa barafu iliyozama ndani ya maji mwishoni mwa kiangazi ilikuwa imepungua unene kutoka kiasi cha mita 3.1 mpaka mita 1.8. Basi daftari la askari likawa ushahidi wa kwamba bahari ya Aktiki inapata joto. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na barafu nayo ni mali ya dunia nzima.

Kambi iliyochimbwa ndani ya barafu

Tuutazame mfano mmoja kwa urefu, kwa kuwa waonyesha wema na ubaya wa jambo hili pamoja. Mwaka 1959 jeshi la Marekani lilianza kuchimba kambi ndani ya barafu ya Greenland, likaiita Camp Century. Askari walikata mahandaki marefu katika theluji, wakayafunika, wakajenga ndani yake vyumba vya kulala, jiko, hospitali na mtambo wa umeme wa nguvu za atomiki. Watu wapatao 200 waliweza kukaa humo.

Hapo wahandisi wa jeshi walitoboa barafu kwa keekee kubwa, na mwaka 1966 wakaifikia nchi iliyo chini yake, kina cha mita 1,387. Kila kipande walichokitoa kilikuwa kama mti mnene mrefu wa barafu. Nanyi mwajua ya kuwa mti ukikatwa huonyesha pete ndani yake, na hizo ni habari za maisha yake. Barafu nayo ni hivyo hivyo. Theluji ya kila mwaka huilalia ya mwaka uliotangulia, ikashindiliwa ikawa tabaka. Na ndani ya maji yake mna alama ambazo mtaalamu akizipima hujua kama miaka ile ilikuwa ya baridi zaidi au ya joto zaidi. Mdenmaki mmoja, Willi Dansgaard, pamoja na wenziwe, waliyasoma matabaka hayo wakatoa habari zake mwaka 1969, nazo zilirudi nyuma kupita miaka 100,000. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanadamu kusoma kitabu kirefu hivyo cha hali ya hewa.

Askari walichimbua pia udongo kidogo uliokuwa chini kabisa ya barafu. Udongo huo uliwekwa katika majokofu, ukasahauliwa kwa miaka mingi. Ulipochunguzwa upya, wataalamu walitangaza mwaka 2021 kwamba ndani yake mna mabaki ya majani na vijiti. Maana yake ni kwamba mahali pale palipata kuwa na mimea, na kwamba barafu ile kubwa iliwahi kuyeyuka zamani, basi yaweza kuyeyuka tena.

Hayo ndiyo mema yake. Lakini jeshi halikwenda Greenland kwa kupenda theluji. Lilikuwa na shauri la siri la kuficha mamia ya makombora ndani ya barafu ile, na serikali ya Denmaki haikuambiwa. Shauri hilo lilishindikana, kwa sababu barafu haitulii. Husogea polepole, ikayabana mahandaki mpaka kambi ikaachwa mwaka 1967. Mtambo wenyewe wa atomiki ulikwisha kuondolewa, ila taka nyingi zikabaki zimefukiwa. Tena mwaka 1953, kwa ajili ya ngome kubwa ya ndege iliyokuwa pwani ya upande ule ule, watu wa Inuit walihamishwa kutoka makazi yao wakapelekwa mbali kaskazini. Iliwapasa kungoja mpaka mwaka 1999 ndipo mahakama ya Denmaki ikaamua walipwe fidia. Basi tusisahau ya kuwa msaada wa jeshi una mwenyewe, na mwenyewe ana haja zake.

Hapa petu palikuwaje?

Sasa turudi nyumbani. Jeshi na elimu vilikutana Tanganyika kwa njia mbili, moja ya taratibu na nyingine ya haraka.

Njia ya taratibu ilikuwa kuipima dunia. Wataalamu walikuwa wamejua zamani ya kuwa dunia si duara kamili, bali imebonyea kidogo kwenye Ncha zake. Lakini walitaka kujua kiasi gani. Dawa yake ni kupima mstari mrefu sana wa kusini na kaskazini. Kati ya miaka 1816 na 1855 mtaalamu Struve na jenerali wa Urusi aitwaye Tenner walisimamia upimaji wa mstari utokao Hammerfest, katika Aktiki ya Norwe, mpaka karibu na Bahari Nyeusi, urefu wa kilomita 2,820. Katika Afrika nako mstari mwingine ulipimwa kuanzia kusini, na miaka ya 1931 hadi 1933 afisa wa kikosi cha wahandisi wa Uingereza, Martin Hotine, alipima sehemu yake katika magharibi ya Tanganyika. Kazi hiyo hufanywa kutoka kilima hata kilima, kwa kuangalia taa usiku na kupima pembe, na wapagazi Waafrika ndio waliovipandisha vyombo na mizigo vileleni. Matokeo yake ni kwamba twajua leo ya kuwa kipenyo cha dunia penye Ikweta chapita kile cha Ncha hata Ncha kwa kilomita zipatazo 43. Hapo vilima vya Tanganyika na barafu ya Aktiki vilishika ncha mbili za kamba moja.

Njia ya haraka ni ile ya karanga, na wazee wa Nachingwea wengi walisimuliwa na wazee wao. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wajumbe watatu, wakiongozwa na John Wakefield, walizunguka Afrika ya Mashariki kwa majuma tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakatoa shauri la kufyeka ekari 3,210,000 kwa kilimo cha karanga. Zaidi ya nusu yake, yaani ekari 1,650,000, zilikusudiwa katika Jimbo la Kusini, ambalo Nachingwea ndiyo iliyokuwa makao ya kazi. Sehemu nyingine zilikuwa Kongwa na Urambo.

Kazi ilianzishwa mwaka 1947 kama vita. Wengi wa waliokuja walikuwa wametoka jeshini, na kwa muda msimamizi mkuu huko Kongwa alikuwa jenerali wa wahandisi, Desmond Harrison. Matrekta mengi yalinunuliwa katika mabaki ya vita, tena yalikuwa yamechakaa. Vifaru aina ya Sherman vilibadilishwa vikafanywa matrekta. Minyororo mikubwa ya nanga za meli ilifungwa baina ya matingatinga mawili, ikavutwa msituni iangushe miti. Nguvu hazikukosekana.

Kilichokosekana ni kujua. Shamba dogo la majaribio halikulimwa kwanza kwa misimu kadhaa ili ionekane mvua yanyeshaje na udongo una tabia gani. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali uliokula majembe ya chuma, na wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji, hata karanga hazing'oleki. Wagogo waliijua nchi yao kuwa ni nchi ya ukame. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000, wakapanda zipatazo 7,500. Nachingwea mvua ni njema kuliko Kongwa, lakini msitu ulikuwa mnene, na bandari na reli hazikuwa tayari. Reli ya kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ilifika Nachingwea mwaka 1949, na mwezi wa Januari mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekwisha. Fedha zilizopotea zilikuwa pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Jina la Farm 17 lililobaki Nachingwea ni alama ya hesabu za mashamba yale.

Lakini si kila kitu kilipotea. Baada ya mwaka 1951 yalibaki mashamba ya majaribio, na humo ndimo yalimofanyika yale ambayo yangefaa kufanyika kwanza: kupima mvua, kujaribu mbegu, kuangalia magonjwa ya mimea. Siku hizi kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, chaendelea na kazi ya namna hiyo juu ya korosho, ufuta na karanga. Mwaka 2009 kilitoa mbegu mpya za karanga, na moja yao yaitwa Nachingwea. Kile ambacho vifaru havikukiweza, watu wachache wenye daftari na subira walikiweza.

Tofauti iko wapi?

Greenland na Nachingwea zote zilipata nguvu za kijeshi. Kwa nini basi huku palitoka hasara, na kule palitoka elimu? Si kwa sababu askari wa kule walikuwa wema zaidi, maana tumekwisha kuona siri zao. Tofauti ni kwamba keekee ya Camp Century ilikuwa mkononi mwa watu waliouliza swali, "Kuna nini chini?", nao wakakiandika walichokiona, kiwe cha kupendeza au kisiwe. Matrekta ya Kongwa yalikuwa mikononi mwa watu waliopewa jibu tayari, "Karanga zitaota," wakaamriwa kulitimiza. Hata shauri la makombora lilikufa kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa waliolitunga walidhani barafu itatii amri. Udongo hautii amri, wala barafu haitii.

Jambo hili si la kale tu. Wilaya ya Ruangwa, ambayo ilitengwa na Nachingwea mwaka 1995, ina madini ya kinywe, ambayo dunia yayataka kwa betri. Na mitambo mikubwa huja palipo na madini. Kijiji kikiona mashine kubwa inakuja, iwe ya serikali, ya jeshi au ya kampuni, chafaa kuuliza mambo matatu kwa adabu. La kwanza: ni nani aliyeichunguza nchi hii kabla ya mashine kuja, na kwa misimu mingapi? La pili: je, wenyeji waliulizwa wanayoyajua? La tatu: matokeo yataandikwa wapi, nasi tutayasoma? Kuuliza si ujinga.

Sasa tulijibu lile swali la kwanza, kwamba barafu yatuhusu nini. Barafu yote ya Greenland ikiyeyuka, bahari za dunia zitapanda kwa mita zipatazo 7. Jambo hilo halitatokea kesho, bali huchukua karne nyingi. Lakini kuyeyuka kwenyewe kumeanza, na sehemu ndogo tu yake yatosha kuisumbua miji ya pwani kama Lindi, Kilwa Kivinje na Mikindani. Nachingwea na Ruangwa ziko juu barani, hazitafikiwa na maji. Walakini korosho zetu husafirishwa kwa bandari ya Mtwara, na ndugu zetu wengi wakaa pwani. Basi yule mtaalamu aliyelala ndani ya hema la jeshi juu ya barafu, akipima tabaka moja baada ya jingine, ajua au hajui, anampimia pia mvuvi wa Lindi mahali patakapofaa kujenga nyumba ya mjukuu wake.

Enyi wanafunzi, nanyi mwaweza kuanza kazi ya namna hiyo bila ndege wala nyambizi. Tegeni chombo cha kupimia mvua katika kiwanja cha shule, andikeni kila siku asubuhi, na daftari lile mwachie darasa litakalofuata. Likiendelea miaka ishirini, mtu yeyote ajaye na mashine zake atapata mahali pa kuuliza kabla hajafyeka hata mti mmoja.